Hesabu Zilizopigwa Kivulini

Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha kukunja kando ya barabara na kuhesabu vinavyopita. Magari madogo safu ya kwanza, malori ya pili, pikipiki ya tatu, baiskeli ya nne, waenda kwa miguu ya tano. Mistari minne ya kusimama, wa tano unalazwa juu yake, hiyo ni tano, unaanza upya. Hakuna mtoto aliyewahi kuulizwa shuleni atakuwa nani akikua, akajibu karani wa kuhesabu magari. Yeye mwenyewe alijibu rubani. Walau walimweka karibu na vyombo vya usafiri.

Pale idara ya barabara ya mji, waliolijua jina lake la cheti walikuwa wawili: mhasibu na mashine ya mahudhurio. Wengine wote walimwita Mama Mistari. Hakuwa na mtoto, lakini jina la kazini halidai uzazi.

Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Magoti yake yalikuwa yameshastaafu, yakimsubiri yeye. Nyumbani, akisimama jikoni kungoja maji yachemke, dole gumba la mkono wa kulia lilijikunja lenyewe kila mtu alipopita dirishani, kwa sababu ya kile kidude cha chuma cha kuhesabia kwa kubonyeza walichopewa makarani miaka ile ya kwanza. Kidude kiliharibika zamani na idara haikununua kingine. Dole gumba halikuarifiwa.

Chumba cha makarani kilikuwa mwisho wa korido, kati ya choo na stoo ya koni za plastiki, na kilichukua harufu kidogo kutoka kwa kila jirani. Zamani walikuwa sita. Sasa alikuwa amebaki yeye na viti sita vya kukunja.

Kitabu cha maelekezo kilisema karani akae juu ya alama ya msalaba wa rangi ya njano, mahali ambapo pande zote za makutano zinaonekana. Alama hizo zilichorwa na mhandisi. Alizichora asubuhi na mapema, kukiwa na ubaridi, akaenda zake na hakuonekana tena. Kukaa juu ya msalaba ule kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni, bila paa wala mti, ni jambo ambalo mhandisi hakulifanya hata dakika moja.

Siku yake ya kwanza kazini alifundishwa na karani aliyemtangulia kwa miaka miwili, kijana mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Asubuhi unakaa upande huu," kijana alimwambia. "Jua likivuka, na wewe unavuka."

"Na ile alama?"

"Alama ni ya mhandisi. Wewe kaa kivulini."

Hivyo ndivyo walivyofanya wote, kila makutano, kila mwaka. Hawakulificha wala hawakulitangaza. Lilikuwa jambo la kawaida kama kuvua viatu chini ya meza. Yule kijana mwembamba baadaye alipanda cheo, akanenepa kwa kiasi kile kile, na sasa ndiye Mkuu wa idara. Kalamu zilibaki tatu.

Kwenye makutano mengi kufuata kivuli hakukuharibu kitu. Kwenye machache kuliharibu. Pale zahanati, kwa mfano, asubuhi karani alikaa upande wa mashariki akaona kila kitu, pamoja na kivuko chenye taa ya kubonyeza, ambacho wagonjwa hukitumia. Mchana alihamia upande wa magharibi, chini ya kibaraza cha duka la dawa, na kati yake na kivuko palisimama bango kubwa la magodoro lenye picha ya mwanamume amelala anatabasamu. Kutoka pale magari yalionekana vizuri sana. Waliovuka kwenye kivuko hawakuonekana hata mmoja.

Mama Mistari hakubuni namba. Hilo hakulifanya hata mara moja. Safu ya waenda kwa miguu, kuanzia saa sita, aliweka kistari, na mwisho wa fomu, kwenye safu pana iliyoandikwa Maelezo, alieleza kwa nini. Kisha fomu ilikwenda stoo, ikapumzika.

Miaka sita iliyopita idara iliamua fomu zote za nyuma ziingizwe kwenye kompyuta. Waliajiriwa wapiga chapa wa muda, wakaambiwa waingize namba. Kompyuta ilikataa kistari, ilitaka namba. Wapiga chapa wakaweka sifuri, ambayo ni namba na haina ubishi. Safu ya Maelezo hawakuigusa, kwa kuwa ilikuwa maneno, na wao walilipwa kwa namba. Kazi ilikamilika kabla ya muda. Idara ilipewa cheti cha utunzaji bora wa data, kikawekwa kwenye fremu juu ya kichwa cha Mkuu, mahali ambapo wengine huweka saa.

Kisha ikaja Mashine. Jina lake kamili lilikuwa refu na lilikuwa na maneno akili mnemba ndani yake, lakini hakuna aliyekuwa na muda. Nia yake ilikuwa nzuri, na si haki kuisema vibaya. Taa za kivuko zilikuwa chache, mji ulikuwa umekua, na kulikuwa na mahali watu wanagongwa kila wiki kwa kukosa taa. Mashine ililishwa data za miaka kumi na tisa, ikaulizwa: taa zipi hazina kazi, zihamishwe? Ikajibu kwa muda mfupi kuliko wa kupiga chafya. Taa kumi na moja. Ya nne ilikuwa ya zahanati.

Kwa mujibu wa Mashine, katika miaka kumi na tisa, mbele ya zahanati ile, hakuna binadamu aliyevuka barabara baada ya saa sita mchana. Waliokuwa ng'ambo hii walilala ng'ambo hii.

Mkuu alisoma orodha kwenye kikao cha wafanyakazi wote. Watu walipiga makofi, baadhi kwa sababu kikao kilikuwa kimekwisha. Mama Mistari alikaa nyuma, akasikia namba nne, akahisi kitu kifuani, akadhani ni kiungulia. Alikuwa amechoka. Siku hiyo alikuwa amehesabu malori mia tisa.

Kama mambo yangeishia hapo, fundi angekuja na ngazi na taa ingeondoka. Lakini kulikuwa na mwongozo mpya kutoka juu. Mwongozo ulisema hivi: mashine yoyote inayoshauri juu ya mambo ya watu, data ilizofundishwa nazo lazima ziwekwe wazi siku thelathini kabla ya ushauri kutekelezwa. Wazi maana yake mtu yeyote azione bila kuomba ruhusa, azichukue, azifungue kwa kifaa chochote, na asome karatasi ya kueleza zilikusanywa na nani, vipi, na nini kinakosekana. Mwenye pingamizi aandike. Na pingamizi lijibiwe kwa maandishi, ndani ya siku saba za kazi, na mtu aliyekusanya data zenyewe, jibu liwekwe hadharani kando ya data.

Idara ilitii kwa namna yake. Kwanza iliweka kwenye tovuti yake picha za kurasa elfu moja na mia nne za majedwali ya kompyuta, nyingine zimelala ubavu, nyingine zikiwa na kidole cha aliyepiga picha. Ilikuwa kama kufungua mlango kisha mtu mnene akasimama katikati. Ofisi ya juu ikamtuma mtaalamu, binti wa miaka thelathini na kitu mwenye mkoba mzito na sauti ya upole isiyokubali hapana. Binti huyo alizishusha picha zote, akaweka majedwali yanayofunguka hata kwenye simu. Ile karatasi ya maelezo aliiacha kwa idara. Mkuu aliijaza mwenyewe, sentensi moja: Data zilikusanywa kitaalamu.

*

Mama Mistari aliishi na dada yake mkubwa, vyumba viwili, ghorofa ya chini. Dada alikuwa amefanya kazi ya kupokea simu za hospitali miaka thelathini, kazi iliyomzoesha kusema na watu asiowaona na kuwakatia. Miaka miwili nyuma alipata kiharusi. Ulimi ulipona wiki ile ile. Mguu wa kushoto bado ulikuwa unafikiria. Kila Jumanne na Alhamisi alikwenda zahanati kufanyishwa mazoezi ya viungo: alivuka kwenda saa nane na nusu, akavuka kurudi saa kumi na nusu, kwa fimbo, kwenye kivuko kile.

Jioni moja alimkuta mdogo wake amelowesha miguu kwenye beseni.

"Eti mmefungua?" akauliza.

"Tumefungua nini?"

"Hizo data zenu. Redioni wamesema mwananchi yeyote aingie aangalie. Mimi ni mwananchi yeyote."

"Dada, ni namba tupu. Zitakuumiza macho."

"Macho ni yangu." Akavaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaileta karibu. "Zahanati iko wapi humu?"

"Jedwali la nne."

Akapitisha kidole mstari kwa mstari hadi maji ya beseni yakapoa. Dada alikuwa anajitafuta. Watu wengi wakioneshwa picha ya kundi hufanya hivyo hivyo, hawaangalii kundi.

"Jumanne," akasema. "Saa nane hadi saa tisa. Sifuri."

"Ndiyo."

"Alhamisi. Saa kumi hadi kumi na moja. Sifuri. Wiki ya mwezi wa tatu, sifuri. Ya mwezi wa sita, sifuri." Akavua miwani. "Mdogo wangu, mimi nina mguu mmoja na nusu na fimbo. Nikiwa barabarani kila gari linanipigia honi. Mtu hawezi kusema sikuonekana."

"Sikuwa naona upande huo."

"Wewe ndiye uliyekuwa pale?"

"Mimi. Kwenye duka la dawa."

"Nilikupungia mkono!"

"Kuna bango, dada. La magodoro."

"Yaani nimefichwa na godoro."

Mama Mistari alitazama miguu yake chini ya maji.

"Ngoja," Dada akasema, na akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa kuwa familia ile ilikuwa na kipaji. "Mnakaa pale wiki moja kila robo mwaka. Miaka miwili, wiki nane. Siku mbili kwa wiki, kwenda na kurudi. Mara thelathini na mbili. Mara thelathini na mbili sikuwapo, na kila mara nilifika. Wale wauguzi walikuwa wanamnyoosha mguu nani?"

"Usipaze sauti, majirani."

"Majirani nao ni sifuri, hawasikii." Akaivaa miwani tena. "Na hii taa wanaing'oa lini?"

"Siku thelathini zikiisha."

"Halafu mimi nivuke na nini?"

Mama Mistari alitoa mguu mmoja majini. Malori mia tisa kwa siku yalipita pale. Alikuwa ameyahesabu yeye.

Dada aliandika pingamizi lake kwa kidole kimoja, kwa dakika arobaini, akisoma kila neno kwa sauti. Lilisema: *Mimi ni mmoja wa zile sifuri. Nipo. Nina kadi ya zahanati yenye mihuri ya tarehe zote mlizosema sikuvuka. Naomba mnieleze nilifikaje.* Akabonyeza, akasema, "Tayari," akalala vizuri kuliko mtu yeyote katika nyumba ile.

*

"Anwani hii si ya kwenu?" Mkuu aliuliza asubuhi ya tatu, karatasi mkononi.

"Ni ya kwetu, Mzee."

"Umemtuma?"

"Dada yangu hatumwi. Anatuma."

Mkuu alifunga mlango. Alikuwa mtu mwema kwa viwango vya korido ile. Hakuwahi kumnyima mtu ruhusa ya msiba. Akasukuma karatasi ya pili juu ya meza. Jibu lilikuwa limekwisha pigwa chapa: *Ushahidi wa mtu mmoja hauwezi kushinda data za miaka kumi na tisa.* Chini, nafasi ya saini ya mkusanyaji.

"Ni wewe tu uliyebaki," akasema. "Wenzako wengine wamestaafu, wawili wamekufa, mimi nimekuwa Mkuu. Saini hapo twende tukanywe chai."

"Nikisaini taa inaondoka?"

"Jumatatu ya wiki ijayo."

"Wale wagonjwa watavukaje?"

"Watavuka kama wanavyovuka watu kwingine."

"Kwingine wanavukaje?"

Mkuu alifikiri kwa uaminifu. "Kwa kukimbia," akasema.

Wote wawili waliitazama karatasi.

"Mama Mistari, sikiliza. Ukiandika kwamba tulikaa kivulini, umeandika kwamba hatukukaa kituoni. Kitabu kinaliita hilo utoro kazini. Miaka kumi na tisa ya utoro, na saini yako kwenye kila fomu. Umebakiza miezi minane. Unataka kuondoka hapa na keki au na barua ya onyo?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha, Mzee."

"Najua. Ndiyo maana nimefunga mlango."

Mama Mistari akaomba muda hadi kesho. Alipotoka alimkuta yule mtaalamu akimsubiri koridoni, mkoba begani. Naye alikuwa amelisoma pingamizi. Kila mtu angeweza kulisoma, ndiyo ilikuwa nia.

"Shikamoo, mama. Fomu zenyewe za karatasi bado zipo?"

"Marahaba, mwanangu. Hapa hakuna kinachotupwa. Hakuna mwenye mamlaka ya kutupa."

Walihamisha koni kwa nusu saa. Nyuma yake kulikuwa na maboksi, na ndani ya maboksi kulikuwa na fomu, zimefungwa kwa kamba robo baada ya robo. Mtaalamu aliketi juu ya koni iliyopinduliwa, akafungua fungu la zahanati, akawa anasoma ile safu ya mwisho ambayo hakujua ilikuwapo.

*Kivuko hakionekani, nimekaa duka la dawa, jua kali.*

*Kivuko hakionekani. Mvua, watu wamejazana barazani.*

*Hakionekani. Lori limeharibika mbele yangu tangu saa saba.*

*Hakionekani. Kama jana.*

Alisoma fomu thelathini hivi, kisha akaacha kusoma akawa anafunua tu.

"Mama, uliandika kila siku."

"Fomu ilikuwa na nafasi."

"Safu hii haipo kwenye jedwali."

"Ilikuwa maneno."

Mtaalamu alijipangusa vumbi usoni, akalihamishia kwenye paji. "Mashine haikusema uongo, unajua. Haijui tofauti ya 'hapakuwa na mtu' na 'sikuona'. Tuliipa sifuri, ikaamini. Ingeamini chochote."

"Na ninyi wenye macho? Sifuri za miaka kumi na tisa, hamkushangaa?"

"Kabla hazijawekwa wazi hakuna aliyezisoma, mama. Aliyezisoma ni Mashine peke yake. Nayo haishangai."

Mama Mistari aliegemea mlango. Magoti yalikuwa yanamkumbusha saa. Kwa muda mrefu alikuwa amedhani fomu zake husomwa mahali fulani, na mtu mwenye miwani, ambaye huenda alikuwa mkali lakini anafika hadi safu ya mwisho. Sasa aligundua kwamba msomaji wa kwanza wa safu ile alikuwa huyu binti, leo, juu ya koni. Hakujua kama acheke.

"Lakini nikuambie ukweli," mtaalamu akasema. "Nimeangalia haraka. Kati ya taa kumi na moja, saba zina maelezo ya namna hii. Ukiandika jibu la kweli, uhamisho wa zote saba utasimamishwa. Na hesabu zote za mchana, za makutano yote, zitawekewa alama."

"Alama gani?"

"Zisitumike kuamulia jambo hadi zihesabiwe upya."

"Zote za mchana."

"Hatuna njia ya kujua zipi nzuri."

Hiyo ilikuwa nusu. Alifanya hesabu bila kutaka, kwa mazoea. Miaka ishirini na sita, toa asubuhi, inabaki miaka kumi na tatu ya mchana, ya joto, ya vumbi, ya chupa ya maji iliyochemka mapajani, na yote ingeandikwa neno moja mbele ya dunia: isitumike. Kuna watu hustaafu wakiwa na shaka kwamba kazi yao haikuwa na maana. Yeye angepewa kwa maandishi.

*

Jibu aliliandika kesho yake mchana, mezani kwake, kwa mkono, ukurasa mmoja. Hakuwa na hasira na hakuwa na ushujaa. Alikuwa na picha moja kichwani, ya dada yake akijaribu kukimbia.

*Kwa mleta pingamizi,* aliandika, kwa kuwa ofisini hakuna dada. *Ni kweli ulivuka. Sikukuona. Kuanzia saa sita mchana makarani tulikaa upande wa magharibi kwa ajili ya kivuli, na kutoka hapo bango huziba kivuko. Niliandika kistari, maana yake sijui. Kilipoingizwa kwenye kompyuta kikawa sifuri, maana yake hakuna. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa makarani wote wa idara, pamoja na Mkuu wa sasa alipokuwa karani. Asubuhi tuliona. Mchana, mahali pengine, hatukuona. Fomu zina maelezo, zipo stoo, ziwekwe wazi nazo. Hesabu zangu za mchana zisitegemewe.*

Sentensi ya mwisho ilimchukua muda kuliko nyingine zote.

Mkuu aliusoma ukurasa akiwa amesimama. Aliusoma tena akiwa ameketi.

"Hapa," akasema, akiweka kalamu ya pili kati ya zile tatu juu ya mstari. "Haya maneno, 'pamoja na Mkuu wa sasa'. Yatoe. Mengine siwezi kukuzuia, mwongozo unakulinda. Haya tu."

"Nikiyatoa itabidi niandike ukurasa mzima upya."

"Andika upya."

Mama Mistari aliitazama karatasi, kisha saa ya mkononi mwa Mkuu, kisha mkono wake mwenyewe. Wanaosimulia habari hii hupenda kusema kwamba hapo alikataa. Hakukataa. Alifikiria ukurasa mzima, tangu mstari wa kwanza, na dole gumba lile, na saa tisa ile ya mchana.

"Nimechoka, Mzee," akasema. "Iache hivyo hivyo."

Mkuu angeweza kufanya mambo kadhaa. Mwongozo ulimruhusu kuongeza maoni yake chini ya jibu. Alikaa na karatasi hadi watu walipoanza kufunga madirisha, kisha akaandika maneno manne, yanayosomeka hadi leo kwenye tovuti ya idara, chini ya muhuri: *Nathibitisha. Jua lilikuwa kali.*

Barua za onyo zilitoka wiki iliyofuata, mbili, zenye maneno yale yale. Ya Mama Mistari iliwekwa kwenye faili lake, ambalo kwa miaka ishirini na sita halikuwa na kitu kingine cha kusoma. Cheti kilishushwa ukutani, kikaacha mstatili safi wenye rangi ya zamani ya ukuta, na Mkuu akaanza kukaa akiwa ameinamisha kichwa kidogo, kana kwamba bado kingeweza kumwangukia. Taa saba zilibaki mahali pake. Nne zilizosalia zilihamishwa, na ni haki kusema kwamba mojawapo iliwekwa mbele ya soko, na watu huko wameacha kugongwa.

Na hesabu ikaanza upya. Hakukuwa na karani mwingine, kwa hiyo alikwenda yeye, wiki mbili, juu ya msalaba wa njano, kuanzia saa sita hadi saa kumi na mbili. Aliomba mwavuli kutoka stoo. Ombi lilikuwa linashughulikiwa. Siku ya nne mwenye duka la dawa alikuja na boksi lililokunjuliwa, akamwekea kichwani, akarudi ndani.

Kutoka pale kila kitu kilionekana. Walivuka wazee, wajawazito, mtu aliyebeba picha ya eksirei akiitazama juani katikati ya barabara, mama na mtoto mwenye bendeji masikioni. Wengi walivuka polepole sana. Kwa wastani, kila alasiri, watu mia mbili na kumi na wanne. Namba ziliwekwa wazi pamoja na maelezo yake yote, neno kwa neno, safari hii hadi lile la siku ya tisa lililosema: *Naona vizuri. Kichwa kinauma.* Mashine ikalishwa upya, ikasema taa ya zahanati ni ya lazima sana, bila aibu yoyote, kama mtu ambaye hakuwahi kusema vingine.

Habari zilimfikia Dada kabla hazijamfikia aliyehesabu. Jioni hiyo Mama Mistari aliingia ngozi ya pua ikiwa imebanduka, akaketi, akaomba beseni. Dada alikuwa na simu mkononi na miwani usoni.

"Taa inabaki," Dada akasema.

"Nimesikia."

"Lakini ile ya kijani ni sekunde kumi na moja. Imeandikwa humu, jedwali la sita. Mimi natumia kumi na tisa. Nimejipima leo. Katikati kuna dereva nilisimama kumgombeza, lakini hata ukimtoa yeye ni kumi na sita."

"Dada."

"Nimeandika pingamizi."

"Dada, naomba maji ya moto."

"Linakuja kwako. Wamesema anajibu aliyekusanya. Sasa wewe uko hapa, nijibu. Wataongeza au hawataongeza?"

Mama Mistari alivua kiatu cha kwanza, akapumzika kabla ya kuanza cha pili.

"Utajibiwa ndani ya siku saba za kazi," akasema.

"Tunakaa nyumba moja!"

"Za kazi," Mama Mistari akasema, akafumba macho. "Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi."